Kabla ya kununua mashine ya kufulia, kapime bomba lako

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Fundi, ninunue ya mlango wa mbele au ya mfuniko wa juu?" Na anayeuliza mara nyingi yuko dukani Kariakoo tayari, muuzaji kamsimamia pembeni, hela ziko kwenye simu. Mimi humrudishia swali: "Maji ya kwako yanatoka wapi, na yanakuja kwa nguvu gani?" Hapo kimya. Wengine hukasirika, huona namzungusha mtu aliyeniuliza kitu chepesi.

Natengeneza mashine za kufulia hapa Dar es Salaam, mwaka wa 14 huu, kibanda changu kiko Mwananyamala. Siuzi mashine mpya, kwa hiyo ukichukua hii au ile mimi sipati senti. Tena kusema kweli, riziki yangu inatoka kwa watu walionunua bila kuuliza, na nikinyamaza ndiyo nitafaidi zaidi. Basi leo sinyamazi.

Tuelewane majina kwanza. Dukani utasikia "frontilodi" na "topulodi". Frontilodi ina mlango wa kioo kwa mbele na dramu lake limelala ubavu. Maji yanakaa kidogo chini, nguo zinapandishwa na kuangushwa, zinajipiga kama dobi anavyopiga shuka jiweni. Topulodi unaifungua kama sufuria. Dramu limesimama, chini kuna sahani inayoyavuruga maji, na nguo zinaelea humo zikisuguana. Shika hilo tu, kwamba huku nguo zinaangushwa na kule zinaelea. Maji, umeme, muda, uchakavu wa nguo, hata uzito wa mashine, vyote vinaanzia hapo.

Ndoo na saa

Chukua ndoo ya lita 20. Nenda kwenye bomba lile lile utakalofungia mashine, usiende kwenye la uani kwa sababu ndilo lenye nguvu. Fungua mpaka mwisho, tazama saa. Ndoo ikijaa kwa dakika 2 au pungufu, chagua utakayo. Dakika 3 au 4, nunua kwa tahadhari. Zikipita 5, weka kwanza hesabu ya pampu, la sivyo mashine ya kujiendesha yenyewe itakutesa.

Sababu yake ni hii. Mahali maji yanapoingilia kwenye mashine hapana koki, pana valvu ya umeme, na ndani ya valvu mna kiwambo cha raba. Kiwambo kile kinategemea msukumo wa maji yenyewe ili kifunguke sawasawa, na kikitaka kufunga kinauhitaji vilevile. Maji yakiwa dhaifu, mashine inajaa kwa kusuasua, au imezimwa kabisa na bado maji yanadondoka ndani usiku kucha. Vitabu vya mashine nyingi vinataka msukumo usiopungua 0.05 MPa, yaani nusu baa. Maji yakiwa mita 1 juu ya mashine yanakupa karibu sehemu moja ya kumi ya baa. Kwa hiyo ukitaka nusu baa, tangi liwe kama mita 5 juu ya mashine. Sasa toka nje ukaitazame simtanki yako. Nyingi ninazozikuta ziko kwenye mnara wa mita 3, na nyingine zimewekwa juu ya kozi tatu za tofali kama kuku anayetamia.

Haya nilikuwa nayajua vizuri sana siku niliyomfanyia mama yangu ujinga.

Mama anakaa Tanga, Makorora. Nilikuwa na miaka sita kwenye kazi, najiona profesa. Nikamnunulia frontilodi ya kilo 7, nzuri, nyeupe pee, nikaipakia kwenye buti la basi na kusafiri nayo. Nikaifunga, nikatia mashuka mawili, nikabonyeza. Mama akavuta kigoda akakaa mbele ya kioo kama anayeangalia taarifa ya habari. Maji yakaanza kuingia. Akatazama, akatazama, mwisho akasema: "Baba, hii mbona inakojoa kizee?"

Tangi lake lilikuwa juu ya paa la bafu, mita 2 na kidogo. Baada ya dakika kumi na kitu mashine ikalia, ikaandika kosa la maji, ikagoma. Mlango umejifunga, mashuka yako ndani yameloa nusu. Mama akainuka, akaenda kuchukua karai, akarudi, akanyoosha mkono: "Nipe shuka zangu." Sikuwa na namna ya kumpa. Mlango ule haufunguki mpaka maji yashuke, na pampu haikubali kuyatoa. Ikabidi nilale kifudifudi sakafuni, nifungue kile kidirisha cha chini penye filta, niyatoe maji kwa bakuli ya uji huku mama kasimama na karai lake.

Nilipokwenda tena baada ya miezi mitatu niliikuta imefunikwa kitambaa cha kufuma, juu yake pana redio. Hakulalamika. Aliniambia tu kwamba maji hayatoshi, na hata yangetosha, magoti yake hayataki kuchuchumaa kutoa nguo mle shimoni. Hilo la magoti sikuwa nimelifikiria hata kidogo. Nikaichukua, nikamletea topulodi ya kilo 8. Bomba likilegea anafungua mfuniko, anamimina ndoo zake mwenyewe, mashine ikiona maji yamefika kiwango inaendelea. Frontilodi ile ninayo kwangu mpaka leo, na pampu ndogo nyuma yake, inafua bila matata.

Lakini inayokula maji mengi ni ipi?

Hapa ndipo watu wanachanganyikiwa. Mashine inayodai maji yenye nguvu ndiyo inayotumia maji kidogo. Frontilodi ya kilo 7 au 8 inamaliza kufua na kusuuza kwa lita 45 mpaka 65 hivi. Topulodi ya ukubwa huo inaweza kufika lita 100, na ukiijaza mpaka juu kwa mashuka na taulo inapita 120. Kwa lugha ya ndoo, ni tatu kwa sita. Nguo zinazoelea lazima ziwe na maji ya kuelea.

Kwa mwenye maji ya bomba kila siku, tofauti hiyo ni ya kwenye bili tu. Kwa anayenunua maji, ni habari nyingine. Mwishoni mwa 2022, mto Ruvu uliposhuka na mgao ukaingia Dar, mteja wangu wa Tabata alikuwa anajaza tangi kwa boza. Familia ya watu saba, topulodi inazunguka mara nne kwa wiki. Siku aliyokaa na kalamu akagundua robo ya maji yake yanaishia kwenye nguo. Mtu kama yule, mwenye tangi kubwa na pampu, ya mlango wa mbele ndiyo yake, wala asijiulize mara mbili.

Na kama huna bomba ndani kabisa, maji ni madumu? Usione haya kununua ile ya matangi mawili, moja la kufulia na moja la kukamulia. Utahamisha nguo kwa mkono, ndiyo, lakini maji ya sabuni ya nguo nyeupe utayatumia tena kwa za rangi, na ya kusuuzia utadekia. Mafundi tunaipenda kwa sababu haina bodi ya kielektroniki ya kuungua. Wauzaji hawaipendi kwa sababu bei yake ni ndogo.

Maji ya kisima

Sehemu hii isome taratibu kama uko Kigamboni, Mbezi, au popote unapochota kisima kifupi karibu na bahari. Yaonje maji yako. Yakiwa na ladha ya chumvi, mashine yako itazeeka upesi, na frontilodi itatangulia.

Ndani ya frontilodi, nyuma ya dramu, kuna kishikio chenye miguu mitatu kinachobeba dramu lote. Dramu ni chuma kisichoshika kutu, kishikio mara nyingi ni cha aluminiamu. Chuma na aluminiamu vikikaa pamoja kwenye unyevu wa sabuni na chumvi, aluminiamu ndiyo inayoliwa. Nimewahi kutoa kishikio ambacho mguu wake mmoja ulivunjika mkononi mwangu kama ukoko mkavu. Mwenye mashine alikuwa ameniita kwa sababu "inapiga kelele kidogo". Zaidi ya hapo, kwenye mashine nyingi za siku hizi tangi la plastiki limechomelewa, halifunguliwi kwa skrubu. Ukitaka kubadili beringi unalikata kwa msumeno, kisha unaliziba kwa gundi na boliti. Inawezekana, nafanya, lakini bei yake hutaipenda.

Hita, ile inayochemsha maji ndani ya mashine, nayo inashika ukoko mweupe wa chokaa mpaka inaungua. Dawa ipo jikoni: unga wa ndimu, ule wanaotia kwenye mchuzi wa mkahawani. Gramu 100 ndani ya dramu tupu, programu ya nyuzi 60, mara moja kila miezi miwili. Usichanganye na jiki hata siku moja. Ukichanganya asidi na jiki inatoka gesi ya klorini, na hiyo inaua mapafu.

Topulodi nyingi za madukani kwetu hazina hita. Kwa mtu wa kisima, huo ni ugonjwa mmoja umepungua.

Luku

Watu wanaogopa mota, na mota ndiyo isiyo na neno. Mla umeme ni hita. Hita ya wati 2000 ikiwaka nusu saa imekula uniti moja, basi, huna haja ya kikokotoo. Frontilodi ikiwekwa nyuzi 60 inaiwasha hita muda mrefu, ikiwekwa maji baridi haiigusi kabisa. Na hapa Pwani "baridi" ni jina tu, kwa sababu maji yaliyokaa kwenye tangi jeusi juani yanatosha kuogea mtoto. Nguo za kila siku fua kwa baridi, joto liache kwa nepi, taulo na sare za wauguzi. Kama uko kwenye ile tarifu nafuu ya wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, chunga hasa hapo, maana hita ndiyo itakayokuvusha mpaka. Ndugu yangu wa Makete au Njombe, wewe maji yako ni barafu, hesabu yako ni nyingine. Hita utaitaka, na frontilodi itakufaa.

Muda nao ni umeme. Topulodi inamaliza chini ya saa moja. Frontilodi programu ya pamba inapita saa mbili, wakati mwingine tatu. Umeme ukikatika katikati, topulodi unafungua na kuchukua nguo zako. Frontilodi inakaa nazo, nyingi zinaendelea zilipoishia umeme ukirudi, lakini kama una safari ya saa kumi na mbili asubuhi na sare ya mtoto iko ndani, utanikumbuka. Kwa zote mbili weka kilinzi cha umeme cha kuchelewesha, kama unavyoweka kwenye friji. Bodi nyingi ninazozika haziungui umeme unapokatika, zinaungua unaporudi.

Nguo zenyewe

Kanga na mitandio kwenye topulodi hutoka zimesokotana kama kamba ya katani. Sahani inazungusha, nguo ndefu zinashikana, na ukivuta kwa hasira unachana upindo. Dawa ni mifuko ya wavu, na kutotia zaidi ya doti mbili pamoja na nguo fupi. Frontilodi ni mpole zaidi kwa kanzu, magauni ya hariri na mabuibui, na inakamua vizuri zaidi: mizunguko 1000 mpaka 1400 kwa dakika, topulodi nyingi ni kama 700. Msimu wa masika, Aprili, tofauti hiyo unaiona kwenye kamba, ya frontilodi jioni inavaliwa na ya topulodi bado ina unyevu kwapani.

Kanga mpya inayochuja rangi usiitie kwenye mashine yoyote. Hiyo ni ya beseni na chumvi, peke yake.

Kuhusu kilo zilizoandikwa mlangoni: ni za nguo kavu za pamba. Mama mmoja wa Sinza aliniambia mashine yake ya kilo 7 "haifikii hata kilo 5", kumbe alikuwa anapima nguo alizokwisha loweka. Blanketi zito la watu wawili linaweza kuijaza mashine ya kilo 7 peke yake. Kwenye frontilodi, ukishatia nguo, ingiza kiganja kilichosimama kati ya nguo na dari ya dramu. Hakipiti? Punguza. Nguo zisipopata mahali pa kuangukia hazitakati, zitazungushwa tu.

Halafu sabuni. Frontilodi inataka ile iliyoandikwa ya mashine, yenye povu dogo. Sabuni ya kufulia kwa mkono imetengenezwa itoe povu, kwa sababu sisi bila povu hatuamini kama tunafua. Ndani ya frontilodi povu linageuka godoro, nguo zinaangukia juu yake bila kupigika, pampu inavuta hewa, povu linatokea kwenye droo ya sabuni kama bia. Topulodi inavumilia sabuni ya mkono, mradi usimwage kwa kikombe.

Mwili wa nyumba na mwili wako

Frontilodi ina zege ndani. Sitanii, kuna tofali la zege limefungwa kwenye tangi ili lisirukeruke inapokamua. Ndiyo maana inafika kilo 60 au 70, na topulodi ni kama 35. Kama unakaa ghorofa ya nne isiyo na lifti, elewana na wabebaji kabla hujalipia dukani. Kwa upande mwingine, frontilodi inaingia chini ya kaunta ya jiko, kimo chake ni sentimita 85. Topulodi huwezi kuiwekea kabati juu, mfuniko unahitaji anga.

Mwenye mgongo au magoti mabovu, chukua topulodi, au frontilodi juu ya stendi imara. Mwenye mtoto anayetambaa, funga mlango wa frontilodi kila mnapoipakia. Ila baada ya kufua mlango huo unatakiwa uachwe wazi kidogo, la sivyo raba itaota ukungu na nguo zitanuka panya. Futa ndani ya mkunjo wa raba kwa kitambaa. Utakutana na pini za mtandio, sarafu za mia mbili, waya wa sidiria. Waya wa sidiria ndio adui mkubwa, unapenya kwenye matundu ya dramu na kutoboa tangi.

Na nani ataitumia? Kama ni dada wa kazi, nenda naye dukani. Nimeitwa mara nyingi kutengeneza mashine nzima kabisa ambayo kosa lake ni kwamba mwenye kuitumia hakuwahi kuoneshwa.

Ukinunua ya mtumba, tazama kibandiko cha nyuma kabla ya bei. Iliyotoka Uingereza inakubali umeme wetu. Iliyotoka Japani ni ya volti 100, ukiichomeka moja kwa moja unasikia mlio mmoja tu. Kisha shika dramu kwa ndani, linyanyue na kulishusha. Likicheza peke yake bila tangi kufuata, beringi zimekwisha, rudisha hela mfukoni.

Siku inapofika nyumbani

Frontilodi mpya ina boliti nne nyuma, wakati mwingine tatu, zilizoshika dramu lisivunjike safarini. Zitoe kabla ya kuwasha. Nimepigiwa simu usiku na mtu anayelia kwamba mashine inatembea, imetoka bafuni iko koridoni, na boliti zote ziko mahali pake. Ziba matundu kwa vifuniko vilivyomo kwenye mfuko wa kitabu. Weka pimamaji juu ya mashine, huku na huku, zungusha miguu mpaka povu la hewa likae katikati, kisha kaza nati. Usiiweke juu ya ubao unaonesa.

Ichomeke kwenye soketi ya pini tatu yenye ethi ya kweli, bila adapta ya pini mbili. Ukigusa ubavu wa mashine kwa mkono uliolowa ukahisi inachonyota, chomoa, mwite fundi umeme kabla yangu. Mzunguko wa kwanza uwe bila nguo.

Boliti zile zitie kwenye soksi ya zamani, funga fundo, ibandike kwa gundi ya karatasi nyuma ya mashine. Siku ya kuhama utazitafuta.